Juu ya Gari la Mbio Lisilo na Difu ya Kubana

Katika miaka yangu ya ualimu nimehakiki maandishi mengi: insha za wanachuo, riwaya, tamthilia, na vitabu vya kiada vya hisabati ambavyo vingine vilistahili kurudishwa kwa mchapishaji siku ile ile. Sikuwahi kudhani kwamba uzeeni, nikiwa nimetimiza miaka 74, nitaombwa kuhakiki gari. Mjukuu wangu, ambaye hununua choroko na dengu kwa wakulima wa huku kwetu Bariadi na kuziuza Mwanza, alikuja nyumbani jioni moja na simu yenye picha za magari mawili. Akaniamkia, akaketi juu ya kigoda, kisha akasema, "Guku, nisaidie kuchagua. Lakini tafadhali usiniambie ninunue pikapu."

Kwa Kisukuma chetu guku ni babu. Na kusema kweli nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo ili nimwambie anunue pikapu.

"Mzigo nakodi Fuso," akaendelea. "Hili ni langu mimi."

Yote mawili yalikuwa Toyota Altezza. Msomaji anayeishi mjini analijua gari hili hata kama halijui kwa jina: ni saluni fupi, pana mabegani, yenye taa za nyuma za kioo cheupe ambamo duara nyekundu zinaonekana kama macho ya mtu asiyelala. Taa hizo ziliigwa duniani kote hadi zikapewa jina la gari lenyewe. Lilitoka Japani mwaka 1998, likachaguliwa kuwa gari la mwaka huko kwa mwaka 1998–1999, na likaendelea kutengenezwa hadi 2005. Ulaya na Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus. Mhandisi mkuu wake, Nobuaki Katayama, alikusudia kurudisha jambo lililokuwa linapotea, yaani gari dogo la milango minne ambalo injini iko mbele na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, ili dereva ahisi barabara mikononi na kiunoni. Kwa hiyo si gari la mbio kwa maana ya uwanja wa mashindano, lakini limezaliwa katika ukoo huo, na vijana wetu wanalihesabu hivyo.

Lipo la aina mbili. La kwanza, AS200, ndilo la chini: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 2, nguvu za farasi 160. La pili, RS200, lina silinda 4 tu, lita 2 vilevile, lakini nguvu zake zinafika farasi 210. Na hapa ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu muuzaji wa RS200 alisema gari lake lina difu ya kubana, na lile la AS200 halina. Tofauti ya bei ilikuwa sawa na ng'ombe sita wazuri. Mjukuu alikuwa na fedha za kununua la kwanza. Kwa la pili alihitaji nimwongezee. Wenzake kijiweni walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba mtu anayenunua gari la namna hiyo bila difu ya kubana amenunua ala bila panga.

Hapana budi nieleze kwanza difu ni nini, kwani nimegundua kuwa wengi wanaoitukana hawaijui.

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Nilikuwa nikiwapa wanachuo swali hili: kama magurudumu mawili yameachana mita moja na nusu, na gari likizunguka duara zima, la nje litazidi la ndani kwa mita ngapi? Walianza kuuliza, "Duara lenyewe lina ukubwa gani, Mwalimu?" Jibu ni kwamba ukubwa wa duara haujalishi. Liwe duara la uwanja wa mpira au la kuzunguka mbuyu, tofauti ni ile ile, karibu mita 9 na nusu. Kama magurudumu yangekuwa yamefungwa kwenye mti mmoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Ndiyo maana Mfaransa mmoja aitwaye Onésiphore Pecqueur, katika miaka ya 1820, alibuni meno ya chuma yanayoyaachia magurudumu yapishane mwendo huku yote mawili yakisukumwa. Tangu wakati huo ubunifu huo umebadilika kidogo sana, na mimi nauhesabu miongoni mwa mawazo mazuri kabisa yaliyowahi kumjia fundi.

Lakini una gharama yake, na mkulima wa Simiyu anaweza kuielewa upesi kuliko kijana wa mjini. Fikiria jozi ya ng'ombe wanaolima. Mti wa nira umelala shingoni mwao, na mnyororo wa jembe umefungwa katikati. Ng'ombe wa kulia akilegea, mti unapinda upande wake, na yule wa kushoto hata awe na nguvu za kifaru hawezi kuvuta zaidi ya kile ambacho mwenzake anakishikilia. Akizidisha, nira inageuka tu. Difu ya kawaida ni nira hiyo. Inagawa nguvu sawa kwa sawa daima, na kwa hiyo gurudumu lililo juu ya utelezi ndilo linaloamua lililo juu ya nchi kavu lipate nini. Moja likipata kidogo, na jingine linapata kidogo hicho hicho. Wanaosema kwamba nguvu yote inakwenda kwenye gurudumu linaloteleza wanakosea: mwendo ndio unaokwenda huko, nguvu haipo popote.

Difu ya kubana huizuia nira isigeuke ovyo. Ziko zinazotumia sahani zinazosuguana, na iko iitwayo Torsen inayotumia meno yaliyokatwa kwa mshazari, ambayo hukaza yenyewe pale gurudumu moja linapotaka kukimbia. Zote zinatimiza jambo moja: lililo kwenye nchi ngumu lipewe zaidi ya lile linaloteleza. Kwa gari la mbio faida yake iko kwenye kutoka konani. Uzito umeegemea nje, gurudumu la ndani limekuwa jepesi, dereva anakanyaga mafuta, na lile jepesi linaanza kuzunguka bure. Hapo mwenye difu ya kawaida husubiri, na mwenye difu ya kubana huondoka.

Sasa nihakiki. Kosa la kwanza la vijana wa kijiweni ni kudhani kwamba kitu kikipatikana kwenye gari ghali, basi gari rahisi lililokikosa limepunjwa. Mwaka 1989 kampuni ya Mazda ilitoa gari dogo la watu wawili, MX-5, ambalo baadaye liliuzwa kuliko gari lolote la mbio la viti viwili duniani. Katika masoko kadhaa lilitoka kiwandani na difu ya kawaida, na ile ya kubana ikawa nyongeza ya kulipia. Datsun 240Z iliyouzwa madukani ilikuwa vivyo hivyo, nayo ni jamaa ya yale magari yaliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, akiendesha Edgar Herrmann, na 1973, akiendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alilingana kwa alama na Harry Källström na kushinda kwa kanuni tu. Sisemi kwamba magari ya mashindano yenyewe hayakuongezewa vifaa. Ninachosema ni kwamba waliobuni magari hayo waliona kuwa uzito, usukani, urefu wa mwili na mahali pa kukaa dereva ndiyo gari, na difu ni kiungo ndani ya mchuzi uliokwisha kukolea.

Na tukitaja Safari, nikiwa mwanafunzi wa sekondari tulikuwa tukibanana kwenye redio moja kumsikiliza Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akishinda mwaka 1966 na tena 1967. Alishinda na nini? Peugeot 404, gari la familia, ambalo wakati huo ungeweza kumkuta mkuu wa wilaya amekaa kiti cha nyuma akisoma gazeti. Mwaka 1963 na 1968, miaka ambayo magari 7 tu yalifika mwisho, mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye pia na 404. Tulishangilia kana kwamba gari lile ni la baba zetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari ya difu.

Kosa la pili ni la kusoma lebo na kuamini. Altezza changa kabisa sasa ina zaidi ya miaka 20. Difu ya sahani iliyotumika muda huo, na pengine kuwekewa mafuta yasiyo yake, imekwisha kulika na kubaki jina. Jumamosi moja tulikwenda Mwanza kuyaona magari yote mawili. Fundi akalinyanyua RS200 kwa jeki mbili, akazungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono, na lile jingine likazunguka kinyume. "Hii ni ya kawaida, mzee," akasema. Muuzaji akaapa kwamba ni Torsen. Nilisoma baadaye kwamba Torsen ikinyanyuliwa hivyo inaweza kufanya vile vile, kwa sababu inazidisha kile ambacho gurudumu la upande wa pili linakishikilia, na gurudumu lililo hewani halishikilii kitu. Sifuri hata ukiizidisha mara tatu ni sifuri. Kwa hiyo hata leo hatujui muuzaji yule alikuwa mkweli au mwongo. Ng'ombe sita kwa kitu ambacho fundi na muuzaji hawawezi kukubaliana kama kipo!

Kuna jambo la tatu ambalo ni la hapa kwetu. Mwenye kulijua eneo hili anajua kwamba udongo wetu ni wa namna mbili kubwa: luseni, ambao ni mchanga, na mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia katika nyufa zake, na masika ukashika tairi, ukajaza mifereji yake yote, ukaliacha laini kama mtungi. Juu ya mbuga iliyolowa, magurudumu yote mawili hayana pa kushika. Difu ya kubana hapo inayazungusha yote pamoja, na barabara ikiwa na mgongo, nyuma ya gari inateremka mtaroni, kwani hakuna gurudumu hata moja lililobaki kulishikilia ubavuni. Ile ya kawaida angalau huacha moja limetulia. Nimeyaona haya kwa macho yangu.

Basi hoja zote zilielekea AS200. Injini yake ya silinda 6 ni pole na mafundi wetu wameizoea kwenye saluni nyingine za Toyota. Ile ya RS200 ina mbano unaozidi 11 kwa 1 na ilikusudiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwenye vituo vyetu mtu haipati. Njia ya mjukuu kutoka Bariadi hadi Lamadi na kufuata ziwa mpaka Mwanza ni lami, na hata upande wa Maswa hadi Mwigumbi ni lami. Fedha iliyobaki ingenunua matairi manne mapya, shokapu, na breki. Ungekuwa uhakiki wa kitabu, ningeweka nukta hapo.

Lakini sikuweka. Kwa siku nne nilikuwa nikihesabu ng'ombe zangu na kusema moyoni, mpe tu, mpe alichukue lenye difu ya kubana. Nilijua hisia hiyo inatoka wapi, na haikutoka katika magari yale mawili.

Mwaka 1997 chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza kilinunua pikapu. Orodha ya bei ilikuwa na mstari wa nyongeza: difu ya nyuma ya kubana. Niliukata kwa kalamu nyekundu kwa mkono wangu, na kwa fedha iliyookolewa tukanunua vitabu vya hisabati na darubini mbili za maabara. Nilijisifu kikaoni kwa uamuzi huo. Mwanzoni mwa mwaka 1998, zilipokuwa zinanyesha zile mvua za El Niño, mke wa mmoja wa wapishi wetu alishikwa na uchungu usiku. Tuliondoka saa nane, dereva, mume, mama mwenyewe na mimi. Katika bonde moja, gurudumu la kulia liliingia kwenye mbuga. La kushoto lilikuwa juu ya luseni, ngumu, kavu, nililimulika kwa tochi: limetulia kabisa kama jiwe, huku mwenzake akirusha tope hadi kwenye kioo. Tulisukuma. Tulikata matawi. Ng'ombe walipatikana alfajiri. Mama alipona, mtoto hakupona. Mganga wa zamu aliniambia kwamba pengine mtoto alikwisha kufa kabla hatujaondoka chuoni. Sikumwuliza zaidi, na mume hakuniuliza neno hata siku moja, ingawa tulifanya kazi pamoja miaka mingine sita.

Msomaji anaona tatizo langu. Nimetoka kuandika kwamba difu ya kubana haifai kitu juu ya mbuga, na ni kweli kama magurudumu yote yamo mbugani. Usiku ule halikuwa hivyo. Moja lilikuwa kwenye nchi ngumu, na hiyo ndiyo hali hasa ambayo kifaa kile kilibuniwa kwa ajili yake. Nimelipitia swali hili mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kulitunga, na kila mara jibu ni lile lile: pikapu ingetoka.

Miaka mitano baadaye, dereva mmoja mzee wa malori ya pamba alinionyesha jambo ambalo lilinikosesha usingizi kuliko tope lenyewe. Gurudumu moja likizunguka bure, alisema, vuta breki ya mkono taratibu, kiasi tu, huku unakanyaga mafuta kidogo. Breki inalipa lile linaloteleza kitu cha kupigana nacho, nira inasawazika, na lile la nchi kavu linapata nguvu. Magari ya miaka ya karibuni hufanya hivyo yenyewe kwa kompyuta, yakibana breki ya gurudumu moja moja. Pikapu yetu ilikuwa na breki ya mkono. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, nilikuwa nimechora difu ubaoni mara nyingi, na nilisimama pale na tochi.

Nilimweleza mjukuu yote ya magari, na hilo la mwaka 1998 sikumweleza. Nikamwambia achukue AS200, la gia ya mkono, na matairi nitanunua mimi. Aliniangalia kama mtu aliyetegemea zaidi. Nadhani aliona ni ubahili, na nilimwacha aone hivyo.

Kuhusu gari lenyewe nina ya kulaumu. Viti vya nyuma ni vya adhabu kwa mtu wa umri wangu. Saa za dashibodi, zilizobuniwa zifanane na saa ya mkononi ya fahari, zimejaza saa ndogo ndani ya saa kubwa hata macho yangu hayajui yatue wapi. Liko chini mno kwa matuta yetu. Gia ya sita katika AS200 ni pambo: injini haina pumzi ya kuivuta mlimani. Lakini kwenye lami ya Lamadi asubuhi, jua likiwa nyuma yetu, mjukuu akiliingiza konani bila haraka na kulitoa taratibu, gari hili ni sentensi iliyopangwa vizuri, na sikuwahi hata mara moja kusikia gurudumu la ndani likilalamika. Anayetaka lilalamike itambidi aendeshe kwa namna ambayo polisi wa barabarani watamhakiki kabla yangu.

Mwezi Machi tuliitwa msibani upande wa Nkololo. Nilishauri tukodi gari jingine. Mjukuu akasema njia imekauka. Haikuwa imekauka. Tulipokaribia, penye mteremko wa kuingia bondeni, nyuma ikazama kushoto na gurudumu la upande huo likaanza kuimba. Vijana wawili waliokuwa wakichunga wakasimama kutazama. Mjukuu akazima injini, akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Sema tu, Guku. Lile la ng'ombe sita lingetoka."

"Washa," nikamwambia. "Gia ya pili. Kanyaga kidogo sana. Sasa vuta breki ya mkono, taratibu. Zaidi. Usiiachie."

Gari likatetemeka. Upande wa kulia, juu ya mchanga, gurudumu likaamka, likashika, tukapanda hatua mbili, tatu, tukawa juu ya majani. Vijana wale wakapiga mbinja. Mjukuu alibaki ameshika breki ile kana kwamba ni mkia wa nyoka, akanigeukia.

"Ulijifunza wapi hii, Guku?"

Nikamwambia aendeshe, tunachelewa maziko.